Pete

Kila Juni nawapandisha Kibosho,
nyoka kumi na wanne ndani ya makopo ya rangi
niliyoyatoboa kwa msumari wa moto,
wakalale baridi stoo kwa mama,
kati ya magunia ya mahindi na jembe lisilo mpini.
Moshi mjini ni joto. Nyoka asiyeonja baridi
hamkumbuki mwenzake.
Hilo nimelijua kwa hasara ya miaka miwili.

Mama alipouliza jina lao niliteleza,
nikasema: nyoka-maziwa.
Usiku ule alikesha zizini na tochi,
akimlinda ng'ombe wake chuchu kwa chuchu.
Hawanyonyi, mama, ni jina tu.
"Jina haliji bure," alisema,
na asubuhi akapima maziwa mara mbili.

Agosti nawashusha.
Dume namba tatu ana pete zilizonyooka,
nyekundu, nyeusi, nyeupe, nyeusi,
kama shanga za fundi asiye na haraka.
Jike namba saba pete zake zimekatika mgongoni,
nyekundu imemwagikia nyeusi
mithili ya chai juu ya meza.
Huyo ndiye ninayemtaka. Kosa lake ndilo mtaji wangu.

Nina kaunta buku: baba, mama, mayai, tarehe, alama.
Namrudisha binti kwa baba yake
(usinitazame hivyo, ndivyo kazi ilivyo)
maana damu ina tabia ya kuficha,
humwekea mjukuu
kile ilichomnyima mtoto.

Mayai tisa, kopo la aiskrimu, mchanga wenye unyevu.
Umeme ulipokatika siku tatu
nililala na kopo tumboni chini ya blanketi,
na Anandumi akahamia kwa watoto bila kusema neno,
ila mlango aliufunga kwa namna yake.

Siku ya sitini na mbili yakapasuka.
Wanane walifanana na baba yao.
Wa tisa hakuwa na pete hata moja:
mstari mmoja mwekundu, shingoni hadi mkiani,
kama mtu aliyekataa kuhesabu.

Daktari wa meno akaja kutoka Njiro
akahesabu laki sita, hakuomba kupunguziwa.
"Na hawa wengine?"
Wa kawaida tu, nilijibu,
nami nilijua wote wanane huenda wamebeba mstari ule
kimyakimya, chini ya pete zao.

Aikaruwa alikuwa amesimama mlangoni, miaka kumi,
sare ya shule bado mwilini.
"Kwa nini yule ni ghali?"
Kwa sababu hajafanana na wenzake.
Akautazama mkono wake wa kushoto, ukingoni,
pale penye kinundu kidogo kama punje ya choroko.

Alizaliwa na kidole cha sita.
Kilikuwa na ukucha. Kilikuwa kinashika.
Babu yake alikuwa nacho hadi kaburini; mimi sina.
Mkunga Bertilia alikifunga uzi mweusi,
siku ya tisa kikadondoka,
mama akakifukia mgombani
na mimi nikampa mkunga kilo mbili za sukari
kwa shukrani.

Hakuuliza zaidi. Alikwenda kuvua viatu.

Usiku nikafungua kaunta buku niandike mauzo.
Chini ya wale tisa, mstari wa kumi, kwa penseli,
mwandiko wa darasa la nne:
*Jike. Baba: wewe. Mama: mama.
Alama: ilikuwepo.*

Sijafuta.
Juni hii anataka tupande wote,
nimwonyeshe ule mgomba.
Sijamwambia kwamba ulishakatwa siku nyingi.
Nitamwonyesha machipukizi yake,
yamesimama pale pale, yamejaa,
na sijui ni lipi lilitoka wapi.